Sindano ya Mugongo

Kindu, tarehe 14 mwezi wa pili 1954

Kwa mujukuu wangu na muke-mwenzangu Adolphine, kule Kalima,

Nakusalimia, na bwana yako Félicien Kankolongo namusalimia, hata kama watu wa Kasai hawajibu salamu mupaka wamalize kula. Sisi hapa tuko wazima. Tate mume, babu yako muzee Mbaraka, iko muzima isipokuwa meno. Yamebaki mawili na hayakutani. Anauliza wewe muke wake mudogo utarudi lini, juu huyu mukubwa anamusumbua. Mama yako Albertine iko muzima. Mujomba wako Donatien amepata kazi pa gari la moshi, anavaa kofia ya kazi hata ndani ya nyumba. Mvua imebomoa jiko la jirani. Letu limesimama, juu nililijengesha mimi.

Barua hii naandika kwa mukono yangu. Florentin, yule anayeandikia watu barua pa posta, nilimukataa, juu siri ya muntu kwake hailali siku mbili. Miaka miwili niliyosoma kwa watawa inatosha. Kama herufi zimelala, zisimamishe mwenyewe.

Sasa neno lako. Unaandika kwamba munganga muzungu wa hospitali ya kampuni amekupima kiuno na chuma, akasema mutoto hatapita, lazima apasue tumbo. Na mbele ya kupasua atakupiga sindano pa mugongo usisikie kitu. Nilisoma mara mbili, nikaweka barua chini ya chungu.

Adolphine, mimi nilizala watoto saba. Saba, chini, juu ya mukeka, wazee wanawake wakinishika mabega, na aliyepita barabarani hakujua kama ndani kuna muntu anazala. Niliuma kitambaa. Mupaka leo wanawake wa mutaa huu wananiita binti zao wakipata uchungu, juu wanajua Mauwa hakulia. Muke anayelia anamuogopesha mutoto. Na muke aliyekufa ganzi mwili wakati mutoto anakuja, mutoto atapokelewa na nani? Ile njo kama mugeni anabisha hodi na mwenye nyumba amelewa.

Tena unajua desturi. Mutoto akikwama, muke anataja alichoficha. Alitembea pembeni, ataje. Iko na kinyongo na wakwe, ataje. Neno likitoka, mutoto anafuata. Munganga wako ameuliza kama umetaja? Hakuuliza. Amepima kiuno kama fundi wa milango.

Kiuno yako nimeiona tangu nakuogesha. Haina kosa. Shida ni sukari muliyokula kwa watawa.

Anaclet dereva wa lori anakuletea samaki makavu na chupa ya mawese.

Mimi Tate yako,
Mauwa

*

Kalima, tarehe 5 mwezi wa tatu 1954

Tate wangu,

Pokea salamu zetu, na umpe Tate mume salamu zake za pekee, umwambie mke wake mdogo amenenepa hata hatamtambua. Samaki wamefika wote. Mawese yamefika nusu, na Anaclet anasema ni barabara iliyokunywa. Félicien alicheka, na hicho ndicho kicheko chake cha mwisho mpaka leo.

Nimekusikia, Tate. Jumatatu nilikwenda kwa munganga nikamwambia sitaki kupasuliwa.

Hakukasirika. Alichukua karatasi akachora chupa yenye shingo nyembamba, na ndani yake yai. Akanieleza kwamba sindano inaingia chini ya mgongo, miguu na tumbo vinakufa ganzi, lakini kichwa kinabaki macho, na nitamsikia mtoto. Sindano ikikataa, kuna dawa nyingine ya kuvuta puani, nayo inalaza mtu kabisa. Kisha akanikumbusha habari ya mwaka jana tulipokaa kule Punia, zile siku tatu za uchungu, na mtoto wangu aliyetoka amekwisha kufa. Akasema mara hii anaweza kutupoteza wawili. Félicien alitoka nje. Tangu siku hiyo anaongea nami juu ya chumvi tu, kama imezidi ao imepungua.

Lakini nilimjibu munganga kwamba Tate yangu alizaa saba na hakulia hata mara moja, na damu yake ndiyo yangu. Mama mtawa wa hospitali aliandika katika daftari: anakataa.

Naogopa, Tate. Sikufichi. Lakini afadhali hofu kuliko aibu. Sitaki kuwa mwanamke wa kwanza kwetu kuzaa nimelazwa kama gogo. Munganga anasema nifikiri mpaka Pasaka, kwa sababu mtoto anatazamiwa mwisho wa mwezi wa ine. Mimi nimekwisha kufikiri. Nilitaka tu ujue kwamba nimefuata neno lako.

Mjukuu wako mtiifu,
Adolphine

*

Kindu, tarehe 24 mwezi wa tatu 1954

Kwa Adolphine,

Tuko wazima. Kiswahili chako siku hizi kimevaa viatu, natembea nyuma yake polepole.

Barua ilifika siku nyingi. Sikujibu juu mbuzi walinishughulisha. Tulikuwa na watano, mumoja aliingia pa shamba la katekista, akala mihogo, ikabaki maneno ya siku ine. Mawese ya mwaka huu ni mekundu sana. Donatien ameanguka na baiskeli lakini kofia haikuanguka. Mama yako anasema uvae sweta asubui.

Juu ya ile habari nyingine, mimi sikusema ukatae. Nilisema tu namna sisi tulizala. Muntu akisema namna alivyopika, si kusema wewe ufunge jiko lako. Wewe njo mwenye tumbo, na bwana yako njo mwenye nyumba. Mufanye munavyoona.

Mbaraka anakohoa sana siku hizi.

Mauwa

*

Kalima, tarehe 4 mwezi wa ine 1954

Tate wangu,

Nakusalimia. Nyumba yote iko salama, isipokuwa miguu yangu imevimba hata natembea na viatu vya Félicien. Sweta nimevaa.

Barua yako ina mbuzi watano na haina jibu. Nimeisoma mpaka nawajua kwa rangi.

Shangazi ya Félicien, mama Ngoyi, amekuja kukaa nasi. Nilimweleza desturi yetu ya kutaja. Akasema kwao Kasai vilevile iko, lakini kwao si mwenye mimba peke yake. Mkubwa yeyote wa ukoo akiwa na neno amelifungia kifuani, neno hilo linafunga na tumbo la mtoto wake. Nikaona nianze na yangu. Nimetaja sahani ya watawa niliyovunja nikasema ni paka. Nimetaja kwamba mihogo ya mama Ngoyi hainiingii kooni, naye alikuwa karibu, akasikia, sasa wamekuwa wawili wasioongea na mimi. Sina kingine.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, kwa heshima. Tate, una neno?

Nauliza kwa sababu nimekaa na miguu juu ya kiti, sina kazi ila kukumbuka. Nakumbuka wanawake wote wakioga pamoja mtoni, na wewe peke yako nyuma ya matete. Nakumbuka Donatien mdogo alikuuliza kwa nini, akapata kofi. Nakumbuka kila ukihesabu watoto wako saba, Tate mume anakohoa ukifika wa mwisho. Nilifikiri ni tumbaku.

Kama huna neno, uniandikie tu kwamba huna. Nitaamini, na nitabaki na jibu nililompa munganga. Lakini uniandikie mbele ya Pasaka.

Adolphine

*

Kindu, tarehe 9 mwezi wa ine 1954

Adolphine,

Salamu utapata nyuma. Anaclet anangoja pa kivuko na nimemwambia akivuka bila barua hii nitamulaani yeye na lori.

Barua yako nilimusomea Mbaraka. Nikasema nitajibu kesho. Akasema, "Andika leo, ao nitamuita Florentin." Katika miaka yote tuliyokaa, hajaniambia neno kali kama hili.

Basi sikia. Nilizala sita juu ya mukeka. Ile ni kweli, na sikulia, ile vilevile kweli. Wa saba ni Donatien. Alilala kikingamo, kama mwiko juu ya kinywa cha chungu. Siku mbili. Nilitaja yote. Nilipomaliza yangu nikataja na ya watu wengine. Nilitaja kuku ambayo hata sikuiba. Hakutoka. Mbaraka alikuwa kazini pa stima, kule upande wa Ponthierville, nani atamuita? Mama yangu akasema nipelekwe kwa wazungu. Walinibeba pa kitanda saa sita ya muchana, jua kali, na nililia barabara nzima, Adolphine. Niliita mama na mama iko pembeni yangu anatembea. Mbwa walitufuata.

Kule munganga aliniwekea pa uso kikapu kidogo cha chuma chenye kitambaa, akatonesha dawa juu yake. Harufu ni tamu, mbaya, kama ndizi zilizooza ndani ya petroli. Akaniambia nihesabu. Sikuwa najua kuhesabu kizungu, nikahesabu watoto wangu kwa majina. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa ine. Wa tano sikumufikia. Na wewe unayesema utakuwa wa kwanza: ule uchungu, Adolphine, ulizimika kama muntu amefunika moto na sufuria. Sijapata mupaka leo neno la kusema namna ilikuwa muzuri.

Nilipofungua macho Donatien iko pembeni, analia kama anavyolia sasa wali ukichelewa. Nikatapika. Kisha nikaona tumbo imeshonwa kutoka kitovu kushuka chini. Njo ile nilificha nyuma ya matete.

Mama yangu njo alisema tuseme mutoto alitoka nyumbani, na kule kwa wazungu nilipelekwa juu ya ngiri. Watu watasema nini, Mauwa mwenye nguvu amefunguliwa kama gunia. Nikakubali. Mbaraka aliporudi nilimwambia yeye. Alicheka, kisha akalia. Ile usimwambie muntu.

Ngiri ile imekaa miaka makumi mbili na tatu. Ningenyamaza tu, si neno. Lakini sikunyamaza. Nilikuwa naenda kwa binti za watu wanazala, nawaambia wafunge kinywa, mimi saba na sikulia. Kulikuwa na Bernadette, muke wa fundi seremala. Watawa walitaka kumupeleka hospitali, akaniangalia mimi. Sikusema neno. Nilikunja tu uso. Akakataa. Mutoto alibaki, yeye hapana. Juu ya ile sitaandika zaidi, na ukija usiniulize.

Wewe ulikataa juu ya nini? Kama ni juu ya hofu ya kisu ningekuelewa. Unakataa juu ya majivuno, na majivuno si yako, ni yangu. Usivae nguo ya muntu mwingine kwenda kufa nayo.

Sasa nimetaja. Nimesukutua kinywa na maji, nimetema pa mulango upande wa Kalima, Mbaraka ni shahidi. Mama yako nimemwambia, na Donatien. Wanasemaje, ile si kazi yako. Ukisoma hapa, simama, vaa viatu vya bwana yako, uende kwa munganga umwambie afute ile neno ndani ya daftari. Umwambie Mauwa wa Kindu amesema apige sindano.

Nakusalimia. Namusalimia Félicien. Namusalimia na mama Ngoyi, umwambie mihogo alowanishe siku tatu.

Tate yako

*

Kalima, tarehe 4 mwezi wa tano 1954

Tate wangu, na Tate mume, na mama, na mjomba,

Wote hapa ni wazima, na tumeongezeka. Naandika nimelala, ndiyo maana herufi zangu sasa zinafanana na zako.

Barua yako ilifika Jumamosi ya mbele ya Pasaka. Nilipomaliza kusoma nilikukasirikia, Tate, kutoka saa mbili ya asubuhi mpaka saa sita. Nilimfikiria mtoto wa Punia. Kisha nikampa Félicien asome, naye hakufika mwisho. Alikimbilia hospitali miguu mitupu, kwa sababu viatu nilikuwa navyo mimi.

Walinipasua Alhamisi ya tarehe 22. Waliniketisha, wakaniambia nikunje mgongo kama paka aliyekasirika, na mama mtawa akanishika kichwa kifuani kwake. Sindano ilikuwa baridi, ikauma kama siafu mmoja, basi. Kisha miguu ikapata moto, ikawa mizito, ikawa si yangu. Munganga alinifinya, akauliza kama nasikia. Nikamwuliza kama ameanza kufinya. Walipopasua nilisikia mkono tu unatafuta ndani, kama mtu anayetafuta sabuni chini ya kikapu cha nguo. Uchungu hapana. Mama mtawa alikuwa ananieleza namna ya kukausha uyoga, na katikati ya uyoga nikasikia mtoto analia. Nilimsikia mimi mwenyewe, Tate. Nilikuwa macho.

Ni msichana, ana kilo tatu na nusu, na kichwa hicho kisingepita popote.

Nisikudanganye, ganzi ilipokwisha niliumwa. Walinipiga sindano nyingine ya kupunguza. Siku tatu za kwanza kila nikiinua kichwa kinapasuka, na mpaka leo wananilaza. Kucheka kunauma kuliko yote, na mama Ngoyi, ambaye sasa tunapatana, amechagua siku hizi kunisimulia ndoa zake. Nililia wakati mwingine. Hakuna aliyenikunjia uso.

Munganga anasema ni sindano yake iliyofanya kazi. Mama Ngoyi anasema ni neno lako. Nimewaacha wanagombana. Félicien anaongea tena, anaongea kupita kiasi.

Hasira yangu imekwisha, Tate. Nilitaka ulisome hili kwa mkono wangu.

Adolphine

*

Kindu, tarehe 23 mwezi wa tano 1954

Kwa Adolphine na bwana yake, na kwa ule mutoto mwenye kichwa,

Mungu ametenda. Mbaraka alisikia habari akainuka kucheza, goti likakataa, amekaa na mafuta ya nyoka juu ya goti na anafurahi. Mama yako Albertine alikaa siku mbili haongei na mimi. Siku ya tatu alikuja kupika kwangu bila kubisha, nikajua imekwisha. Donatien kwanza alivua kofia, nikafikiri amevunjika moyo. Sasa amegeuka, anajisifu pa kazi kwamba yeye hakupita mulango wa watu wote.

Mutaa wote unajua. Sikumwambia Florentin, nilisema mwenyewe pa kisima, asubui, wanawake wakiwa wengi, nisirudie mara mbili. Walicheka siku tatu. Muke mumoja aliniita Mama Saba kwa kejeli, nikamwambia hata sita yeye hajafika. Nilienda na kwa mume wa Bernadette, yule seremala. Tulikaa. Alinipa kiti alichotengeneza, nikakileta nyumbani.

Kisha, juzi, saa tisa, Claire alikuja. Ni muke kijana wa mufanyakazi wa gari la moshi, mugeni wa hapa, tumbo imefika pa kidevu. Alisema amekuja kuazima chekecheo. Nikampa. Hakuondoka. Alikaa na chekecheo juu ya magoti akachungulia kupitia matundu yake, kama vile ni dirisha. Mwisho akasema hospitali wamemwambia lazima kupasua, na mama mukwe wake amesema nyumba yao haina wanawake wa namna ile. Akaniuliza, sauti ya chini, "Mama Mauwa, muntu anaamuka?"

Nilifunga mulango nikafungua kitenge nikamwonyesha. Aliweka kidole kimoja pa alama, akafuata kutoka juu mupaka chini, polepole kama muntu anayejifunza kusoma. Nikamwambia naamuka kila siku tangu ile. Akauliza tena kama mutoto wa dawa anakuwa na akili. Nikamwambia Donatien hana akili, lakini ile ilitoka kwa baba yake, si kwa dawa. Mbaraka alikohoa chumbani.

Mama mukwe wake nilimutembelea jana. Nilianza na salamu, nikamaliza na salamu, katikati sitakuandikia, juu ni Jumapili. Amekubali. Wamesema aende leo, na kuingia mulango wa hospitali peke yake anaogopa, basi nitaingia naye mupaka mahali watanifukuza.

Nilitaka kukuambia bado juu ya namna ya kumufunga mutoto mugongoni wakati mushono haujakauka, lakini Claire amefika na kikapu chake, iko anasimama pa kiwanja. Amekwisha kugeuka mara mbili kuangalia njia ya kurudi. Acha nimushike mukono.

Mauwa